Hukumu ya Olweny juu ya Kapteni wa Angani

Kama kuna mtu Busia aliyewahi kumsikia Olweny akisifu kitu, ajitokeze tumwone. Wakala huyu wa forodha amekaa mpakani mwa Uganda na Kenya miaka ishirini na mbili akijaza fomu za malori ya watu, na katika miaka yote hiyo hajakutana na chai isiyo na kasoro, mahubiri yasiyo marefu kupita kiasi, wala tai iliyofungwa sawasawa. Lakini dharau yake bora kabisa, ile ya kuvaliwa sikukuu, alikuwa ameiweka kwa ajili ya tamthilia moja ya runinga iliyoitwa Abiria wa Zuhura.

Tamthilia yenyewe ilitengenezwa Nairobi. Ilihusu watu wa miaka mia tatu ijayo ambao husafiri angani wakibeba shehena kutoka sayari moja hadi nyingine. Kila Jumamosi saa tisa alasiri, Hadijah, mwenye mkahawa ulio kando ya yadi ya malori upande wa Uganda, alipandisha sauti ya runinga yake, na madereva waliokuwa wakisubiri karatasi zao wakajaa ndani. Wao walikuja kutazama. Olweny alikuja kuhukumu.

"Tazama hii watu!" alizoea kusema, kidole kikielekea kwenye kioo. "Meli imefika na tani elfu kumi, hakuna mtu nauliza manifesti ya mzigo iko wapi. Hadijah hapa akivusha mkungu moja ya ndizi, watamuuliza. Hiyo ni sayari ama ni kichaka?"

Madereva walicheka hadi vikombe vikatetemeka mezani. Naye kipindi kikiisha alitoka nje, akaisogeza simu karibu na mdomo, akarekodi maoni yake ya juma hilo, dakika mbili tatu za kuponda tu. Ujumbe huo wa sauti aliutuma kwenye grupu la madereva, nao wakautuma kwa wenzao Busia ya Kenya, kisha Malaba, Tororo, mpaka Bulumbi kwa watu wasio hata na runinga. Wengi hawakuwa wakiifuata tamthilia kabisa. Walimsubiri Olweny. Walimwita Profesa, naye alijifanya jina hilo linamkera. Linamkera wapi! Alilipenda kuliko jina lake la ubatizo.

Na kulikuwa na msikilizaji mmoja zaidi, kule Mella, kijijini kwao Olweny. Mpwa wake Prossy alikuwa kwenye grupu hilo, na kila Jumamosi jioni alimwekea bibi yake, Mama Dorcas, mama mzazi wa Olweny, sauti ya mwanawe. Mama Dorcas aliuza nafaka ya wimbi sokoni Busia kwa miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili cha mpakani kilikuwa hakimpiti. Alicheka na kusema kwamba huyu mtoto alizaliwa akiwa amekwisha kununa.

Hapo kwa Mama Dorcas ndipo penye jambo ambalo Profesa hakuwahi kulirekodi.

Olweny alikuwa na kaka mmoja, Ochwo, dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kucheka na kila mtu na kusahau viatu vyake kwenye nyumba za watu. Olweny hakumheshimu sana. Alimwona mtu wa barabarani tu, asiyejua hata kuchomekea shati. Miaka minne iliyopita Ochwo aliugua njiani akitoka Mombasa, akafia Voi. Simu ikamfikia Olweny akiwa ofisini. Juma hilo alikuwa na shehena ya tajiri mmoja ambaye yeye Olweny alikuwa akimnyenyekea vibaya sana. Akafikiria safari ya kwenda Voi na kurudi, jeneza, gari, vibali vya huku na vibali vya kule, akachoka kabla hajainuka kitini. Akawaambia madereva waliokuwa na Ochwo wamzike hukohuko, kwenye makaburi ya mji.

Nyumbani alisema karatasi zimekataa. "Nimejaribu kila mlango, Mama," alisema. Hakuwa amejaribu hata mmoja.

Nani angembishia? Mtu wa karatasi akisema karatasi zimekataa, mkulima wa Mella ataanzia wapi? Wazee wa ukoo walimshauri Mama Dorcas azike shina la mgomba badala ya mwili, kama inavyofanywa kwa mtu aliyepotea. Akakataa. Alisema mwanawe hakupotea, anajulikana alipo. Akaacha nafasi kando ya kaburi la mumewe, na kila msimu alipolima aliizunguka nafasi hiyo na jembe lake. Olweny alipokwenda kumsalimia, aliulizwa jambo moja tu: karatasi bado zinakataa? Naye akajibu: bado, Mama. Kwa jibu hilo alikaribishwa, akala, akalala, akaaga. Alijua wazi kwamba siku jibu hilo likivunjika hatakuwa na uso wa kuingia tena katika ua ule.

Sasa ikaja Jumamosi ya sehemu ya sita.

Katika sehemu hiyo mpishi wa chombo, mzee mmoja aitwaye Kibwe, alifariki safarini. Chombo kilikuwa kinakaribia kituo cha kuvukia kuelekea nyumbani. Kapteni Sanga, mwenye mabega mapana na ndevu za kuchongwa, akawakusanya wenzake na kuwaambia kwamba kanuni za kituo hazikubali maiti ivuke. "Karatasi zake zimekataliwa," alisema kwa sauti nzito, muziki ukalia, wakamshusha Kibwe kwenye mwamba mmoja mtupu unaoelea gizani, wakaenda zao.

Mkahawa mzima ulichachamaa.

"Astaghfirullahi!" Hadijah akapaza sauti, birika mkononi. "Mtu amewapikia miaka yote hiyo, leo wanamuacha kwa jiwe? Hata kumuosha hawakumuosha!"

"Huyo kapteni ni bure kabisa," alisema Maloba, dereva wa upande wa Kenya. "Sisi mtu akituacha huko mbali, tunachanga, tunapigiana simu, tunamleta. Hata ikiwa ni mifupa, tunaleta. Huyu jamaa hana kwao?"

"Mimi nauliza kitu moja," akasema Muzamiru, mwenye malori mawili na mdomo wa malori kumi. "Kibwe iko na mama. Huyu kapteni akifika kwa ule mama, ataweka sura yake wapi?"

Olweny alikuwa akinywa chai. Kikombe kilikuwa kitupu kitambo, lakini aliendelea kukiinua. Kila neno lililorushwa kwa kapteni lilimpata yeye, na aliona haya, na kuona haya kulimkasirisha. Alijiambia kwamba hii ndiyo takataka iliyozidi takataka zote za Abiria wa Zuhura, kwamba mwandishi wake hana kazi, na kwamba afadhali angekwenda kukata nywele.

"Profesa, leo kimya?" Maloba akageuka. "Hii ya karatasi si ni yako? Tuambie. Karatasi ya maiti inaweza kukataa kabisa kabisa?"

Watu wote wakamtazama. Angesema "inaweza" tu, mambo yakaisha. Neno hilo moja lingetumwa Mella, lingempa Kapteni Sanga udhuru wake, na yeye wake pia. Olweny akafungua mdomo kulisema.

"Kanuni zingine ziko ngumu," alianza. "Unajua, mambo ya afya, mambo ya..."

"Leo ameogopa kapteni!" Muzamiru akadakia, akipiga paja. "Wacheni Profesa, hii ya maiti hajui. Yeye anajua ya simenti tu!"

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi getini. Afadhali wangemmwagia chai. Unaweza kumwambia Olweny kwamba ana sura mbaya, atakubali na kukuonyesha wewe ulivyo mbaya zaidi. Lakini kumwambia hajui karatasi, mbele ya madereva, ndani ya mkahawa ambamo anakalia meza ile ile tangu ulipofunguliwa! Alisimama. Hakutoka nje kama kawaida yake. Alirekodi palepale, akiwatazama machoni mmoja mmoja.

"Mimi Olweny, nasema kwa Busia zote mbili. Leo nimeona mjinga. Kapteni mzima, nyota kwa bega, ndevu imechongwa, anasema karatasi ya maiti imekataa. Imekataa wapi? Ameandika barua? Hajaandika. Amesimama kwa dirisha gani? Hakuna. Amekaa kwa mlango wa mkubwa gani mpaka mkubwa achoke na sura yake? Mimi hapa nimevusha mashine ambayo hata mwenyewe hakujua jina yake. Nimevusha maiti kumi na nne, na hakuna hata moja ililala hapa mpakani siku mbili. Sikieni niwaambie. Karatasi haikatai. Karatasi haina mdomo. Mtu ndiye nakataa, halafu nasingizia karatasi. Huyo kapteni ni mvivu. Ameangalia safari, ameona ndefu, ameona mpishi ni mtu mdogo tu. Basi aende kwa mama ya Kibwe aseme hivyo. Aseme, mama, nilichoka. Asiseme karatasi."

Akabonyeza, ikaenda.

Mkahawa ulilipuka kwa makofi. Muzamiru mwenyewe alikuja kumpa mkono akiomba radhi, na Hadijah alimletea chai nyingine bila kuulizwa. Haikupita saa moja ujumbe ule ukaanza kumrudia yeye mwenyewe kutoka kwa watu asiowajua, wengine wakimuuliza kama amemsikia huyu mzee wa Busia. Olweny alitoka hapo kifua mbele. Alitembea kuelekea nyumbani akisalimia kushoto na kulia mithili ya diwani aliyechaguliwa juzi, na kila aliyemsalimia alijibiwa kwa jina.

Karibu na kituo cha bodaboda, kijana mmoja alikuwa ameegemea pikipiki yake akisikiliza simu. Olweny akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka mle: mtu ndiye nakataa, halafu nasingizia karatasi.

Akasimama katikati ya njia. Ni ajabu, lakini mpaka wakati huo alikuwa hajayasikia maneno yale. Aliyasema, akayapenda, akayapokelea makofi, ila kuyasikia hakuwa ameyasikia. Akaitoa simu mfukoni haraka, akaingia kwenye grupu ili afute. Chini ya ujumbe wake kulikuwa na vicheko vya madereva, msururu mrefu, na mwishoni kabisa kulikuwa na maandishi ya Prossy: Anko, Bibi amesema nirudie.

Aliizima simu. Jioni ile hakula, na mkewe alipouliza kulikoni alimwambia samaki ana miiba mingi. Mboga yenyewe ilikuwa mchicha.

Jumapili baada ya ibada aliiwasha, akijiambia kwamba yeye si mtoto wa kujificha, na kwamba sinema ni sinema. Haikumaliza hata dakika kumi ikalia. Namba ilikuwa ya Prossy. Sauti ilikuwa ya Mama Dorcas, ikizungumza lugha ya nyumbani, bila zile salamu zake ndefu za kuulizia kila kuku.

"Nimekusikia jana," alisema.

"Mama, ile ni sinema. Ni watu wa kubuni tu. Tulikuwa tunacheka."

"Najua. Prossy amenieleza. Kuna kapteni, kuna mpishi, wanaruka huko juu. Hao mimi siwajui. Nilimwambia arudie pale unaposema karatasi haikatai. Amerudia mara nne. Hizo maiti kumi na nne ulizozivusha, zilikuwa za nani?"

"Za watu, Mama."

"Watu wetu?"

"Hapana."

"Uliwajua?"

"Sikuwajua."

Olweny alitamani mama yake apige kelele, amtukane kama yeye mwenyewe alivyomtukana Kapteni Sanga, amwite mvivu, amwite mjinga, ili naye apate pa kukasirikia. Mama Dorcas hakupandisha sauti hata kidogo.

"Kwa Ochwo," mama yake akauliza, "ulisimama kwenye dirisha gani?"

"Sikusimama, Mama," alisema. "Sikwenda popote. Nilichoka."

Upande wa pili alisikia kuku, akasikia Prossy akiuliza kitu kwa mbali na kuambiwa anyamaze.

"Kesho ofisi za vibali zinafunguliwa saa ngapi?" Mama Dorcas akauliza.

"Saa mbili."

"Uwe hapo saa moja," alisema, na kumrudishia Prossy simu yake.