Pemba na Kidonge cha Asubuhi

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ambayo Kasereka alikuja kwetu na hasira, akakataa kiti, akakataa na chai. Mfanyabiashara wa Kivu kukataa chai, ujue kuna neno. Nitakueleza alifuata nini, lakini niache nianze nyuma kidogo. Shule yangu haikufika mbali, na nikiruka jambo napotea mwenyewe.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimepasuliwa shingo. Nilikuwa na rovu, uvimbe uliokua mpaka ukanibana nikimeza. Docteur alipouondoa aliniambia wazi: ndani ya shingo mlikuwa na kitu kinachoupa mwili moto, kama makaa kwenye jiko la mbabula, na sasa hakipo. Badala yake nitameza kidonge kila asubuhi, maisha yangu yote. Nilimeza, nikapata nguvu, nikaolewa na Ilunga, kijana wa reli, mtoto wa mtu wa reli.

Kisha nchi ikaanguka. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Askari walipora mji wetu huku Katanga, na raia wakafuata nyuma yao. Siwezi kusema walikuwa askari peke yao, kwa sababu jirani yangu mwenyewe nilimwona amebeba mlango wa duka kichwani. Maduka ya dawa yalibaki rafu tupu. Mishahara ya migodi ikakatika, ya reli vilevile. Ilunga akawa anakwenda kazini kusalimiana tu, halafu tunachukua majembe na kwenda Kasungami, nje ya mji, kulima mahindi. Ni katika taabu hiyo nilishika mimba.

Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka. Hii ya pili tuliilinda kwa hofu; hata jina lake hatukulitaja.

Vidonge tulivipata kwa Kasereka. Alikuwa Mnande wa Kivu ya Kaskazini, mwenye duka la jumla, Mkristo wa kusali kwa sauti, na malori yake yalikwenda Zambia kuleta unga. Ilunga alimwomba atuletee dawa pamoja na mizigo yake, akakubali, na kila lori lilipovuka mpaka wa Kasumbalesa boksi letu lilikuwamo.

Lakini mwili wangu ulianza kuzimika tena. Nilisikia baridi katika joto la Oktoba. Uso ulivimba, nywele zilibaki kwenye kitana, nilisinzia nimeshika mwiko. Wifi yangu alisema mimi mvivu. Simlaumu: mtu akikuona umelala juu ya nguo unazofua, aseme nini kingine? Nilirudi kwa docteur. Maabara haikuwa na dawa za kupimia damu tangu uporaji, kwa hiyo alinigonga nyuma ya kisigino kwa kinyundo chake kidogo. Mguu uliruka, halafu ukarudi polepole, kama mtu anayeamshwa na hataki. Akasema mguu mzito hivyo ni dalili kwamba dawa haitoshi, mimba inadai zaidi kuliko zamani, akaongeza kipimo. Majuma yakapita, akaongeza tena. Mguu ulirudi vilevile.

"Mama, asubuhi unakulaka nini?" akaniuliza.

"Hapana kitu, docteur. Ninamezaka kidonge na maji, nangojea, njo nakula."

Mbele ya Mungu, nilidhani nimesema ukweli.

Ilunga akauliza kwa sauti ya chini: "Huyu mutoto naye atatoka?"

Docteur aliweka kinyundo mezani. Alisema kama dawa yenyewe ni mbovu, hatari ipo.

Neno hilo, dawa mbovu, Ilunga alitoka nalo kama moto mkononi. Alikwenda moja kwa moja dukani kwa Kasereka, akasema mbele ya wateja kwamba tajiri huyu anavusha unga wa muhogo uliogandishwa na kuuita dawa. Nami sikumzuia. Sijui kama ningeweza; nilikuwa nimechoka hata kubishana.

Basi, kesho yake asubuhi Kasereka akasimama mlangoni kwetu na boksi mkononi.

"Mama Ngoie," akasema, "uko na mutoto kwa tumbo. Miye nikuue juu ya nini? Dada yangu kule Butembo anamezaka kidonge ya karto moja na hii boksi. Anabeba muzigo kunishinda! Meza ya leo hapa, niangalie vile unamezaka."

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi anachambua sombe, majani ya muhogo. Ilunga alitazama chini. Nikachukua kidonge, nikakimeza na maji, safi kabisa. Halafu kichefuchefu kikaja, kama kila asubuhi, na mkono ukaenda wenyewe kwenye fundo la kitenge. Nikatoa kipande, nikatafuna.

"Unatafuna nini?" akauliza Kasereka.

"Nani, miye? Hapana kitu."

"Hapana kitu inalia kwa meno vile?"

"Ah, hii? Ni pemba tu."

Pemba unaijua, mwanangu: ule udongo mweupe unaouzwa sokoni kwa vipande, wenye harufu ya mvua ya kwanza. Ukiwa na mimba unautafuna kutuliza moyo. Hakuna mwanamke wa kwetu anayeuita chakula. Ukimuuliza amekula nini, atakutajia bukari, yaani ugali, atakutajia sombe, hata chumvi, lakini pemba hataitaja, kama asivyotaja mate yake. Na aliyeninunulia ni mama mkwe, kwa upendo, maana yeye alikuwa ameitafuna katika mimba zake zote.

Kasereka akaanza kucheka mpaka akaegemea mlango. "Kumbe! Ninaipitisha kwa mupaka, kwa badouaniers bote, inafika kwa tumbo, munaifunika na udongo! Bantu ya Katanga, munazika dawa iko nzima!"

Alikuwa anatania tu. Mambo ya dawa hakuyajua. Lakini mama mkwe hakucheka. Aliweka sombe chini.

"Docteur anajua hii?"

"Mama, yeye aliuliza chakula."

"Miye nakuuliza: anajua?"

Nikatikisa kichwa: hajui.

"Ngoie, unamupa docteur nusu ya habari, unataka akupe dawa kamili? Vaa viatu, tunaenda. Na wewe Ilunga, utarudi kwa duka ya huyu baba, saa iko bantu mingi, ufute maneno yako kwa sauti ile ile ulisema nayo." Halafu akashusha sauti. "Pemba ni miye nilinunua. Nitamuambia docteur miye mwenyewe."

Na alimwambia, hakujificha. Docteur alishika kichwa. Alitueleza kwamba udongo ule hukamata dawa tumboni na kutoka nayo, kwa hiyo hata angeongeza mpaka wapi, mwilini ingeingia kidogo tu. Hakutugombeza. "Nilikuuliza unakula nini," akasema. "Nilipaswa kuuliza unatia nini mdomoni." Aliniambia pia kwamba hamu kubwa ya udongo mara nyingi inaletwa na upungufu wa damu. Akanipa vidonge vya damu, lakini hivyo nimeze jioni, mbali na kile cha asubuhi, maana navyo vinaweza kukizuia. Mwisho akanionya: kipimo alichoongeza sasa kinaweza kuwa kikubwa. "Moyo ukianza kukimbia, usipunguze mwenyewe. Njoo."

Kuacha pemba kulinitesa. Nilinyonya ndimu mpaka meno yakakataa. Mama mkwe aliacha kuileta nyumbani kabisa, hata ya kwake, nisisikie harufu. Baada ya muda moyo kweli ukaanza kukimbia, mikono ikatetemeka, na nilijaribiwa kuvitupa vidonge vyote chooni. Nilikwenda kwa docteur. Akapunguza kidogo, sio mpaka kile cha zamani, kwa sababu mtoto bado alikuwa ndani. Aliponigonga kisigino tena, mguu ulirudi upesi, naye akacheka peke yake.

Ilunga alikwenda dukani. Sikuwapo, kwa hiyo siwezi kukuambia kama alisema vizuri au kwa kunung'unika. Ninachojua, dawa iliendelea kuja.

Binti yetu, dada yako mkubwa, alizaliwa katika baridi ya Juni, mji ukiwa bado hauna umeme wala mshahara, akalia kwa nguvu hata wifi yangu akasema: huyu si mvivu. Baada ya kujifungua docteur alipunguza kidonge tena. Tangu hapo kimepanda na kushuka, jinsi mwili unavyobadilika, na mimi bado ninalima.

Sasa nikuambie kwa nini nimeandika haya, mwanangu. Juzi ulisema umepewa kidonge hiki, hakikusaidii, unataka kukiacha uombewe tu. Labda kipimo ni kidogo. Labda dawa ni mbovu kweli; sikatai, inatokea. Labda ni kitu unachokitia mdomoni na hukihesabu. Mimi sijui, wala wewe hujui, wala mwenye kukuombea hajui. Maombi ni mazuri, omba, lakini kidonge umeze. Meza na maji peke yake, tumbo likiwa tupu, ungoje kabla ya chai. Rudi kwa docteur akupime, siku hizi damu inapimwa, na umwambie yote, hata lile la kukuchekesha, hata lile la aibu. Usiongeze mwenyewe, usipunguze mwenyewe. Ukishika mimba, mwambie mapema kabla ya kumwambia mtu wa sokoni. Na kabla ya kumwita mtu mwizi, tazama kwanza mkono wako unakwenda wapi.

Mungu aliyeuwasha mwili wako hapo mwanzo aulinde moto wake. Akupe asubuhi nyingi za kuamka na nguvu, watu wa kukuambia ukweli bila kukudharau, na watoto wenye sauti kubwa. Amina.