Bi Shani Hasindikizi Mtu

Hapana, mwanangu, hapo nakukatalia. Eti Bi Shani anafukuza watu? Kisa muda ukiisha anasimama? Wewe kazi ya unasihi, hii ya kusikiliza watu na shida zao, umeanza juzi, kiti hakijapata hata joto, ushamhukumu mama wa watu. Tulia.

Nakumbuka enzi hizo chumba chake cha unasihi kilikuwa mtaa wa Gerezani, pale jirani na Kariakoo, ghorofani, juu ya duka la vipuri. Jengo lenyewe halipo tena, limevunjwa. Lakini nikipita pale bado nasikia harufu ya grisi na udi wake, basi roho inatulia.

Mimi nilikuwa fundi gereji, mdomo mwingi, hasira karibu. Mjomba ndo alinipeleka, maana nilikuwa silali nyumbani na sababu simwambii mtu. Nikawa nampigia Bi Shani stori za mpira tu, nasubiri anisindikize. Si unatujua? Mgeni humwambii nenda. Unamtoa mpaka njiani, na njiani ndo neno lenyewe linatoka. Yeye anaishia mlangoni: "Haya baba, Jumanne." Nilimchukia!

Wiki ya tatu akanikatisha.

"Zimebaki dakika kumi. Mimi sisindikizi mtu, huko chini kila mtu ana masikio. La njiani liseme hapa."

"Sina la njiani, Bi Shani."

"Basi tukae kimya. Dakika ni zako."

Tukakaa. Cherehani ya jirani inalia tu. Nikashindwa.

"Naogopa kurudi nyumbani. Nilimnyanyulia mdogo wangu spana. Tukigombana tena nitampiga kweli."

Hakushtuka. "Leo unalala wapi?"

"Gereji."

"Lala hukohuko mpaka Jumanne. Tutaanzia hapohapo." Akasimama.

Nikamfokea: "Ndo kwanza nafungua mdomo, unanitoa?"

"Nakutoa, ndiyo. Na Jumanne utanikuta."

Nilishuka ngazi nabwata. Lakini mwanangu, usiku ule nililala usingizi wa mtoto. Kuna mtu anajua, na kuna siku yangu. Jumanne nilifika hata hajafungua. Ilichukua muda, ila nyumbani nilirudi, na mdogo wangu tunakula sahani moja.

Kwa hiyo mama yule usimguse mbele yangu. Wewe fanya hivi: mtu akikaa tu, mwambie mtamaliza saa ngapi. Kabla ya mwisho mkumbushe, apate nafasi ya kutoa lililomkaa kooni. Akilitoa, lipokee, hakikisha yuko salama mpaka mtakapoonana, mpe siku, halafu simama. Akiwa hatarini kweli, hapo huachi mtu, unaita msaada. Lakini machozi peke yake si hatari. Na siku uliyompa, uwepo, hata mvua ifunge Kariakoo yote.

Mungu akupe masikio mapana na moyo usiochoka, na watu watakaokuja kwako washuke ngazi wepesi kuliko walivyopanda.

Ila nijibu: ukimwongezea mtu nusu saa, unamsaidia yeye, au unaogopa kuchukiwa?