Mchi Wangu Unasikika Chini ya Kitanda cha Jirani

Admin, nifichie jina langu na la mtaa, maana hapa Kolwezi watu wananijua kwa biskuti zangu. Huenda baadhi yenu mnaosoma mmeshazila.

Nina miaka thelathini na minne, nimeolewa, nina watoto watatu. Naoka biskuti za siagi ya karanga hapa nyumbani. Si kwa kujisifu, lakini mimi sinunui siagi ya kopo. Karanga zinanijia kutoka Kasaji, nazikaanga kwa moto mdogo, natoa maganda, halafu natwanga kwenye kinu mpaka zitoe mafuta. Ndipo natia sukari, yai na unga kidogo, nabonyeza kila moja kwa uma. Mashine ya kusagia ingenipunguzia kazi, ila mume wangu hataki kusikia habari ya mashine. Nitamwita Papa Nathan.

Mwaka jana alipoteza kazi mgodini. Miezi mizima alikaa sebuleni anatazama ukuta. Ghafla akaipenda biashara yangu kuliko mimi mwenyewe. Akanijengea tanuri la matofali nyuma ya nyumba, akaniletea kinu kikubwa cha mti mgumu, akataka nitwange kila siku, asubuhi na mchana. "Mama Nathan, utwange na nguvu," aliniambia. "Batu bakisikia kinu, banajua bisikwi ni ya leo leo." Nikavimba kichwa. Nikasema Mungu amenirudishia mume.

Chumba cha akiba akakifanya chake, akatia komeo kwa ndani. Eti panya. Mifuko mitupu ya unga hakuniruhusu kuitupa. Ilitoka nyumbani imejaa, juu ya pikipiki ya ndugu yake, nami nikadhani wanauza maganda ya karanga. Maganda gani yanayolemea pikipiki vile? Sikujiuliza. Au nilijiuliza nikanyamaza, sijui.

Siku moja alisahau komeo. Niliingia kuchukua karanga, na pale nilipodhani pana magunia, palikuwa na shimo. Ngazi ya miti, na kutoka chini mlio wa nyundo na patasi. Hapa kwetu nani asiyejua habari za mtaa wa Kasulo, jinsi watu walivyochimba madini ya kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, na wengine wakabaki humo humo?

Alipopanda, uso wote vumbi, nilimpigia kelele. Akanishika mikono. "Ni mu parcelle yetu, mu kiwanja yetu, mama. Ni ya batoto. Sitapita hata metre moja inje." Nililia, kisha nikakubali. Ndiyo, nilikubali, msinihukumu haraka. Nikawa mlinzi wake. Mtu akiingia uani, naacha kutwanga, naye kule chini anaacha kugonga. Nikianza tena, anaanza. Tumefanya hivyo miezi mitano, na wateja wananisifu kwa bidii.

Sasa jirani. Nitamwita Mama Bea. Ni mjane, nyumba yake imepakana na jiko langu. Nilipojifungua mtoto wa mwisho, ni yeye aliyenifulia nepi. Jumatatu alikuja kuchukua biskuti, akaniuliza kwa utani:

"Mama Nathan, weye hata ku dimanche unatwangaka?"

"Dimanche? Hapana, mi nilikuwa ku kanisa na batoto."

"Bon, basi ni nini? Batoto bangu banasema kinu yako inaliaka chini ya kitanda yabo. Mi nabacheka tu, nabaambia balale."

Nikacheka naye. Nikamwambia ardhi inabeba sauti, nikamwongezea biskuti za watoto. Kicheko kile kinanichoma mpaka leo.

Papa Nathan hakukana. "Majiwe haijuake parcelle ya mutu," alisema huku ananawa. "Kobalti inapita kwake. Niliweka miti, usiogope." Nilishuka mwenyewe kuangalia. Chini ya chumba cha watoto wa Mama Bea kuna miti minne tu, myembamba kama mchi wangu, na udongo unadondoka kichwani mtu akikohoa. Mvua nazo zimeanza. Tanuri langu limepata ufa. Jumatatu ulipitisha uma wangu wa biskuti, leo unapitisha vidole.

Nimemwomba aache, nimepiga hata magoti. Anasema nikiacha kutwanga Mama Bea atasikia vizuri, wataita polisi, tutafungwa wote wawili, kwa sababu mlinzi nilikuwa mimi. Ni kweli. Watoto wangu watabaki na nani?

Jumapili hii binti mkubwa wa Mama Bea anapokea komunyo ya kwanza. Sherehe ni hapo hapo kwake. Ameazima viti, ameita kwaya nzima, na kwaya yetu haiimbi imekaa, inaruka na kukanyaga. Biskuti ameniagiza mimi.

Nawaandikia nikiwa mbele ya kinu, asubuhi hii ya Ijumaa. Karanga zinapoa kwenye ungo. Papa Nathan ameshashuka, anangoja nianze. Dakika kumi zimepita sijanyanyua mchi. Upande wa pili wa ukuta namsikia Mama Bea anafagia chumba cha watoto huku anaimba. Naogopa kumwambia, naogopa kunyamaza, na maji yamenifika shingoni. Ndugu zangu, nitwange, au niende nikabishe hodi kwake?

Subirini. Kabla sijatuma hii nimesikia kugonga. Ameanza bila mimi. Na ufagio wa Mama Bea umenyamaza.

Nishaurini upesi, nifanye nini?