Kioo Uani

Juzi stendi ya Makambako mtu alipita na kioo begani, mawingu yakitembea ndani yake. Nikamkwepa mbio.

Nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu alitutuma tuwaangalizie mawingu watu wa hali ya hewa. Lazeni kioo chini, alisema, mtaona yanakoelekea. Nikatoa uani kile cha mama, chenye fremu nyekundu ya plastiki, kama vile vilivyokuwa vimeanza kujaa madukani. Nikainama. Weusi wa mawingu ulikuwa ukipita chini ya pua yangu, na baridi ikapanda na harufu ya viazi vilivyotoka kuchimbwa.

Radi ikapiga nyuma ya miti ya milingoti.

"Kioo! Unatuitia radi, we mtoto!"

Mama alikuja mbio bila hata kitenge cha kukifunikia. Akakilalia kifudifudi, akanisukuma mbali kwa mguu. Nilisimama nikiutazama mgongo wake, nikingoja uungue.

Ikapiga tena, karibu zaidi. Mama hakuinuka.

"Huyo mwalimu wako anataka kujua nini?" aliuliza, uso ukiwa chini.

"Mawingu yanakoelekea."

"Umeona?"

"Ndiyo, mama."

"Wapi?"

"Huku kwetu."