Bei ya Mgeni Keringet

Watu hucheka nikiwaambia kazi yangu ni kuuliza bei ya sukari. Wacha wacheke. Kila mwezi natoka kwangu mtaani Rhonda, nazunguka maduka ya Nakuru, naenda Gilgil, napanda mpaka Keringet, na kila duka naingiza bei ya kilo moja kwenye simu ya ofisi ya takwimu. Ukitaka kujua hali ya watu usiwaulize, watakuambia tunashukuru Mungu. Angalia sukari. Barabara ikiharibika, mafuta yakipanda, viazi vikikosa soko, sukari itakuambia kabla ya mheshimiwa yeyote.

Sasa, Keringet ndiyo iliyotaka kunimaliza. Kwingine kote bei ilipanda na kushuka. Keringet ikakwama pale pale, mia moja arobaini, mwezi nenda mwezi rudi. Bosi wetu, kijana aliyeletwa kutoka Nairobi, akanipigia simu.

“Madam, Keringet huwa unafika kweli, ama unajaza tu ukiwa kwa nyumba?”

Ngai! Nilichemka. Mimi niliyekanyaga tope la njia ya Keringet mpaka gamboti zikaniomba msamaha! Lakini hasira haikuficha woga. Kandarasi yangu ilikuwa inaisha mwezi huo, na ndiyo iliyokuwa ikimsomesha binti yangu. Bosi akasema tutaenda pamoja ajionee. Kama hizo bei nimezipika, nisahau kandarasi.

Tukapanda na gari la ofisi, dereva mbele. Yeye alikuwa akibonyeza simu yake, mimi nikiomba kimoyomoyo. Maana ukweli ni kwamba hata mimi sikuelewa. Unga pale ulikuwa umepanda, sabuni imepanda, hata kiberiti. Sukari tu ndiyo ilikuwa imegoma.

Duka langu la huko ni moja tu, la mama mmoja mwenye sauti ya kuita ng’ombe ng’ambo ya bonde. Siku ya kwanza nilipofika kwake nilikuwa nimenyeshewa, natetemeka kama kifaranga. Alinivuta nyuma ya kaunta, akanivisha sweta yake, akanipa chai ya maziwa matupu. Tangu hapo sijawahi kutoka pale bila kunywa chai, na nikimaliza hununua kilo yangu moja ya kwenda nayo nyumbani.

Hatujashuka vizuri akapaza sauti: “Mama Sukari! Mbona leo umechelewa? Chai imepoa!”

Nikamwangalia bosi. Akaangalia viatu vyake. Hilo la kujaza nikiwa nyumbani likafa hapo hapo, na nikasikia raha mpaka kwenye magoti. Lakini bado kulikuwa na ile bei.

“Mama, sukari leo ni ngapi?” nikauliza.

“Mia moja arobaini.”

Bosi akaguna. “Unaona? Haisongi. Kuna kitu hapa.”

Tukanywa chai. Bosi, ili asionekane mtu asiye na adabu, akatoa pesa naye anunue kilo moja. Akaweka mia moja arobaini juu ya kaunta.

Mama akazitazama zile pesa. “Ongeza thelathini.”

“Si umesema mia moja arobaini?”

“Hiyo ni ya huyu. Huyu ni mgeni wangu. Siku aliyokuja amenyeshewa, sukari ilikuwa mia moja arobaini. Sasa nimpandishie mgeni bei akiwa amekunywa chai yangu? Watu wataniona aje? Wewe nakuona leo, na leo ni mia moja sabini.”

Halafu mzee mmoja aliyekuwa akingoja mafuta ya taa akaanza kucheka, na mimi nikamfuata. Nilicheka mpaka machozi, mkono juu ya kaunta, chai ikinipalia. Kumbe miezi yote hiyo nilikuwa nikipima heshima ya mama mmoja, naiandika kama bei ya sukari! Kijana wa Nairobi akatoa thelathini, polepole, akiwa amekunja uso. Nikatoa simu ya ofisi, nikaandika mbele yake: Keringet, mia moja sabini.

“Na wengine wananunua aje siku hizi?” nikamuuliza mama.

“Wengine? Siku hizi hakuna wa kilo. Ni robo, robo, robo.”

Hilo nalo nikaliandika, na siku hizi nauliza hivyo kila duka, kwa sababu bei ya kilo peke yake haisemi yote.

Tukiteremka, bosi alirudi kwenye simu yake mpaka tulipokaribia Njoro. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba Jumatatu nipitie ofisini niweke sahihi kandarasi ya mwaka mwingine. Nikasema asante, nikageukia dirisha nisije nikapiga vigelegele ndani ya gari la watu.

Mapajani kila mmoja wetu alikuwa na kilo yake ya sukari. Yangu ilikuwa ya mia moja arobaini.