Rede Kwenye Uwanja wa Softiboli

Wasichana wanaocheza sasa wameniandikia wakitaka historia ya timu. Wanaandaa ukurasa wa klabu, na kwa kuwa nilikuwa mmoja wa tisa wa mwanzo, wananiomba niwajazie mwaka wa kwanza. Aya mbili zinatosha, wamesema. Nimekaa na hizo aya mbili wiki nzima hapa Stratford, mashariki ya London, na kila nikifika mwezi wa tano nafuta nilichoandika. Basi zao nitawaandikia. Hii ni yangu.

Tulianza wanawake tisa, idadi ile ile inayotakiwa uwanjani, maana yake mmoja akiugua mafua hakuna timu. Chuo tulichosoma kilitupa begi la glavu kuukuu, magongo matatu, na jezi za wanaume wa mpira wa miguu zilizotufika magotini. Uwanja ulikuwa kipande cha bustani ya umma, na kabla ya mazoezi ilibidi tuokote kwanza mavi ya mbwa. Kocha, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya mnadani, alituambia timu ya wanawake ilishaanzishwa pale mara mbili na mara mbili ikafa, na kwamba safari hii atakayeiua atamtambua yeye ni nani. Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, mjinga mimi.

Niliingia kwa kiburi. Nimekulia Tanga, nimecheza rede tangu sijang'oka meno ya utoto, nikajiona mchezo nimeshaujua. Kwa asiyeijua rede: wawili wanasimama huku na huku wakirushiana mpira wa soksi kuukuu, mmoja yuko kati anakwepa. Ukimlenga ukampata unampigia kelele, "Umekufa!" naye anatoka. Hakuna ubaya ndani yake. Nimeua wasichana wa mtaa mzima na jioni tukala wali sinia moja.

Mama mdogo niliyekaa kwake, ambaye kazi yake ni kutunza wazee majumbani, hakuupenda mchezo wangu hata chembe. Aliniambia viza ya mwanafunzi ni yai, hulibebi huku unarukaruka. Nikamjibu kwa jeuri kwamba sijasikia mtu aliyefukuzwa nchi kwa kudaka mpira.

Kati ya wale tisa alikuwemo mmoja aliyezaliwa hapa hapa London, wazazi wake Wakenya. Kiswahili anakielewa chote, ila hajibu. Unamsemesha Kiswahili, anakurudishia Kiingereza. Nilimtania kwamba ulimi wake umenyimwa viza ya kwenda nyumbani. Alikuwa rafiki yangu, na kwa mbio hakuna aliyemfikia.

Jumamosi moja mazoezini alitoka beisi ya kwanza, kile kituo cha mkimbiaji, kukimbilia ya pili. Mpira ukamtangulia, akageuka, mpira ukarudishwa kule alikotoka, akabanwa katikati. Mchezaji mmoja upande ule, mimi upande huu, tunarushiana, naye anayumba huku na huku akicheka. Kwenye softiboli hapo unamfuata mkimbiaji unamgusa na mpira ulio mkononi. Kocha alishatuambia hilo mara kumi. Lakini mwili wangu haukumkumbuka kocha. Uliona wawili pembeni na mmoja kati. Kofia yake ngumu ilikuwa imedondoka alipogeuka. Nikalenga, nikarusha kwa nguvu zangu zote, nikapiga kelele kwa furaha, "Umekufa!"

Softiboli kwa Kiingereza inaitwa mpira laini, jina lisikudanganye. Mpira ulimpata juu ya sikio. Alianguka bila hata kutanguliza mikono, akatulia, macho yamefumbuka nusu. Jamani, nilijua nimeua. Nilisimama nimeziba mdomo kwa glavu, na lile neno lilikuwa limeshatoka.

Kocha alikuja mbio, akapiga simu ya gari la wagonjwa, kisha akaniuliza imekuwaje. Nikasema mpira uliniponyoka. Sikupanga kusema hivyo; hofu ndiyo iliyosema. Akaandika "uliponyoka" kwenye fomu ya ajali, nami nikatia sahihi.

Rafiki yangu alizinduka siku hiyo hiyo, lakini walimlaza, wakihofia damu kuvujia ndani ya fuvu. Sikwenda kumwona. Nilipanda basi la hospitali mara mbili, na mara zote mbili nikashuka kituo kimoja kabla. Bahasha ikidondoka mlangoni, namwachia mama mdogo aiokote. Nilimwogopa mama yake, nikawaogopa polisi, na nilimwogopa yeye kuliko wote, kwa sababu ndiye mtu pekee pale uwanjani aliyeelewa nilichosema.

Siku ya tisa barua ikaja. Mchezaji mmoja alikuwa amesema kwamba mpira haukuponyoka, kwamba aliniona nikilenga, tena akanisikia nikipiga kelele kwa lugha asiyoijua. Niliitwa kwenye kikao. Ikionekana nilikusudia, nasimamishwa masomo. Nikisimamishwa masomo, viza hakuna. Mama mdogo aliisoma barua akiwa amesimama, hajavua hata koti. Nilingoja anikumbushe habari ya yai. Alisema tu, "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Ukaseme kweli."

Walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu. Rafiki yangu alikuwa ameketi pembeni, nywele zimenyolewa upande mmoja, sikio limefungwa bandeji. Hakunitazama. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliuliza kama mpira kweli uliniponyoka. Nikasema hapana, nililenga. Kalamu zote zikasimama. Akauliza, kabla sijavuta pumzi, ni neno gani nililopiga kelele.

Nikalitaja. Akauliza maana yake, na hapo ulimi ukagoma. Kwa Kiingereza neno lile lilikuwa moja tu, na nikilitamka nimekwisha. Nilikuwa na maelezo, nilikuwa na Tanga nzima ya kueleza, lakini nilibaki natazama meza. Mwenyekiti akamgeukia rafiki yangu na kumuuliza kama lugha ile anaielewa. Akasema anaielewa. Akamuuliza neno lile lina maana gani.

"Maana yake ni 'auti'," alisema. "Ni neno la mchezo."

Mwenyekiti akaandika. Basi, ikawa kosa la mchezo. Nilipewa karipio la maandishi kwa ule uongo wa kwenye fomu, na kocha akaamriwa kukagua kofia kabla ya kila zoezi. Timu ikabaki, nami nikabaki nchini.

Nilimkimbilia rafiki yangu kwenye ukumbi wa nje nikilia, nikamuuliza rede aliijulia wapi. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba rede hajapata kuisikia. Neno lile, alisema, analijua kutoka simu za nyumbani: simu inalia, mama yake anasikiliza, kisha anawaambia fulani amekufa. Mama yake ndiye aliyemwonya kwamba akilitafsiri nitapandishwa ndege, na hilo yeye mwenyewe asingeweza kulibeba moyoni.

"Nimesema uongo kwa ajili yako," aliniambia.

Nikamwambia hapana, umesema kweli, ndiyo maana yake hasa. Nikamweleza yote mbiombio, soksi, wawili pembeni, mmoja kati, kwamba kufa ni kutoka tu, kwamba sisi wote tumekufa mara mia tukarudi kucheza. Alinisikiliza mgongo ukiwa umegusa ukuta. Akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama unavyomkubalia mtu usiyemjua anayeongea peke yake kwenye basi.

Nikapiga hatua nimkumbatie. Akainua mikono yote miwili, akafunika kichwa.