Jumatatu Bibi Alipoketi Kutazama Mieleka

Juzi mwanangu aliamka na kikohozi, nikamchua kifua kwa mafuta ya mkaratusi. Harufu ile iliponipanda puani, nikajikuta nina miaka tisa tena, nyumbani kwetu Penrith, pembezoni mwa Sydney, Australia, nimelala kitandani nakohoa kikohozi cha uongo.

Acheni niwaeleze kilichonifanya nidanganye. Baba yangu, aliyekuwa akitunza wazee katika kituo kimoja upande wa Westmead, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: mieleka ya Marekani kwenye televisheni. Mara chache kwa mwaka lilikuja onyesho kubwa la kulipia, ambapo ugomvi wote wa miezi iliyopita humalizwa ulingoni. Kwao Marekani ilikuwa Jumapili jioni. Kwetu Sydney ilikuwa tayari Jumatatu, saa tano asubuhi, mimi nikiwa darasani. Safari hiyo Baba alikuwa amelipia na kuomba ofu kabisa. Asubuhi hiyohiyo simu ikalia: mwenzake anaumwa, aje ashike zamu. Akavaa yunifomu kama mtu anayekwenda msibani.

"Nitaangalia marudio jioni," alisema. "Na mtu yeyote asithubutu kuniambia nani kashinda."

Treni yake haikuwa imefika hata kituo cha St Marys nilipoanza kukohoa.

Mama alikuwa ameshakwenda kazini, kwa hiyo nilibaki na Bibi, mama yake Baba. Alikuwa ametufuata mwaka mmoja nyuma kutoka kambi ya wakimbizi wa Burundi huko Tanzania, mwanamke wa maneno machache, na mieleka hakuitaka hata kidogo. Baba akiwasha tu, kabla kengele haijagongwa, Bibi huchukua jembe lake na kwenda uani kwenye maharage yake. Sisi tulidhani ni mambo ya ulokole. Siku hiyo alinisikiliza nikikohoa, akafungua kopo la mafuta, akanichua kifua, mgongo, shingo na nyayo, mpaka machozi yakanitoka.

"Mgonjwa wa uongo hupewa dawa ya kweli," akasema, akanifunika blanketi.

Saa tano ilipofika nilinyata hadi sebuleni nikawasha televisheni. Bibi akatokea mlangoni, jembe mkononi.

"Utaangalia peke yako?"

"Yes, Bibi." Nyumbani kwetu wakubwa walisema Kiswahili, watoto tukajibu Kiingereza, na mambo yakaenda.

Akalitazama jembe. Akaliegemeza ukutani, akaja kuketi kando yangu.

Pambano kuu lilikuwa kati ya jitu lenye ndevu nyekundu na mkongwe mmoja mwenye upara, goti limefungwa bendeji, ambaye akishindwa ilikuwa lazima astaafu. Jitu likamwinua kama gunia la mkaa, likambwaga. Bibi akafumba macho. Vidole vyake vilikuwa vimezama kwenye kitenge, na nikaanza kutamani kuzima. Mkongwe akagaagaa, akashika mgongo, akapiga kelele. Kisha akageukia watu wa upande wa pili, akawapigia na wao kelele wasijeona wamepunjwa.

Bibi akafumbua jicho moja. Akasikiliza. Jitu likampiga mkongwe kwa kiti, naye akalia kama mbuzi. Polepole vidole vikaachia kitenge.

"Huyu hajaumia," akasema.

"It's fake, Bibi," nikamwambia; ni maigizo tu, watoto wote shuleni walijua. Kisha nikashangaa, nikamuuliza kwa Kiingereza kilekile yeye amejuaje.

"Analia sana."

Akaanza kucheka. Tangu afike sikuwahi kumsikia akicheka hivyo, mabega yakiruka. Baada ya hapo hakushikika. Alimwita refa kipofu, akasimama, akalionya lile jitu kwa Kirundi. "Ukiona nyani mzee, ujue amekwepa mishale mingi!" alipaza sauti, na mkongwe aliposhinda tukakumbatiana, mimi nikinuka mkaratusi mwili mzima.

Jioni Baba aliketi na sahani yake mbele ya marudio. Kwa mara ya kwanza Bibi hakutoka. Jitu lilipomwinua mkongwe, Baba akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Kula, mwanangu, chakula kinapoa," Bibi akamtuliza. "Anashinda huyu."

Baba akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akavuta puani harufu ya mkaratusi.

"Kifua hakijambo?" akaniuliza.

Niliosha vyombo wiki nzima. Lakini tangu siku hiyo Baba hakutazama mieleka peke yake tena, mpaka Bibi alipofariki.

Nilikua, nikawa muuguzi. Alasiri moja waliletwa wagonjwa wawili kwa pamoja: kijana aliyeteguka kidole, akipiga mayowe, na fundi aliyeanguka kutoka kwenye paa, akitazama dari bila neno. Nilimkimbilia wa mayowe. Muuguzi mkuu akanishika kiwiko. "Anza na aliyenyamaza," akasema.

Nikamshika fundi mkono, na ndipo maneno ya Bibi, "Analia sana," yakanifikia, yamechelewa miaka ishirini. Kumbe aliijua sauti ya mtu anayepigwa kweli, na alijua kwamba mara nyingi haipo. Alijifunzia wapi hakuwahi kusema, nami sikuuliza. Lakini siku ile alipoketi hakujua kwamba ni mchezo. Alidhani anakwenda kuona tena kile alichokuwa akikikimbilia uani, na aliketi hivyohivyo kwa kuwa nilisema nitaangalia peke yangu.

Nilipotoka zamu nilimpigia Baba simu. Nilimuuliza kwa Kiswahili, "Baba, Bibi aliona nini huko nyuma?"

Nikasikia akizima televisheni.

"Njoo nyumbani," akasema. "Tukae."